Kumwaga oili ya giaboksi ya otomatiki nyumbani: mwongozo kamili kwa Toyota zenye dipstiki

Mara ya kwanza nilipolipia kazi hii ilikuwa siku mbili kabla ya safari ya Iringa. Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Fundi alifungua nati ya sampo, ile sahani ya chini ya giaboksi inayokaa oili, ikamwagikia mchangani, kisha akachukua dumu la oili nyekundu akamimina mpaka alipoona imetosha. Hakupima kilichotoka wala kilichoingia. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikitazama, na sikuuliza.

Tulipofika katikati ya mlima wa Kitonga, nyuma ya lori lililokuwa likijikokota, harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari. Nilipopata pa kuegesha nikainama: oili nyekundu ilikuwa inachuruzika kutoka juu ya giaboksi, inadondokea ekzosi na kutoa moshi. Tukakaa pale saa nzima gari lipoe. Iringa mjini fundi mmoja mzee alichomoa dipstiki, ile stiki ya chuma ya kupimia oili, akaipangusa, akaichovya tena, akanionyesha. Oili ilikuwa imepita alama ya mwisho kwa upana wa vidole viwili. Alinyonya karibu lita nzima kwa sindano kubwa na kipande cha mpira, bomba baada ya bomba, huku akiniambia, "Kijana, hii si ya kukadiria."

Oili ikizidi, gia zinazozunguka huifikia na kuipiga hadi inakuwa povu. Povu hutanuka na kutokea kwenye kipumulio cha juu, ndiyo ile niliyoiona ikidondoka. Baya zaidi, povu ni hewa, na hewa haishiki presha. Klachi za ndani hubanwa kwa presha ya oili hiyo, kwa hiyo presha ikilegea klachi huteleza, zikiteleza huungua. Ikipungua matokeo ni yaleyale: pampu hunyonya hewa, klachi huteleza. Tangu siku ile naifanya kazi hii mwenyewe uani, na mwongozo wote huu umesimama juu ya jambo moja: kinachotoka kipimwe, kinachoingia kipimwe.

Kwanza, hakikisha gari lako ni la mwongozo huu

Haya ninayoeleza ni ya Toyota ndogo zenye giaboksi ya gia nne na dipstiki ya giaboksi: IST za 2002 hadi 2007, Corolla NZE121, Premio na Allion za NZT240, Probox na Succeed za kabla ya 2014. Nyingi kati ya hizo hutumia oili ya Toyota iitwayo ATF Type T-IV. Mafundi wengi wa Dar huiita haidroliki, na hilo jina ndilo linaloleta balaa, kwa sababu ukienda dukani ukasema "nipe haidroliki nyekundu" utapewa yoyote iliyopo.

Neno la mwisho liko kwenye dipstiki yenyewe. Ichomoe, ipanguse vizuri, isome kwenye mwanga. Utakuta maandishi yamegongwa kwenye chuma, ATF TYPE T-IV au aina nyingine. Kama imeandikwa WS, nunua WS. Hizi mbili hazifanani na hazichanganywi. WS ni nyepesi zaidi na ilitengenezwa kwa giaboksi za baadaye. Kama maandishi yamefutika, angalia kitabu cha gari, au fungua boneti utafute kibati kidogo chenye namba ya fremu na aina ya injini. Humo kuna pia namba ya giaboksi. U340E, kwa mfano, ni giaboksi ya gia nne. Namba inayoanza na K, kama K310, ni CVT, ile isiyo na gia bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili.

Hapo kwenye CVT naomba usome polepole. Chukua Premio mbili. Ya NZT240, iliyotengenezwa hadi 2007, ni gia nne na oili yake ni T-IV. Ya NZT260, iliyoanza 2007, ni CVT na inataka oili ya CVT ya Toyota, TC au FE kulingana na mwaka. Mtaani yote ni Premio tu, na fundi mwenye haraka anaweza kuyawekea dumu moja. Mkanda wa CVT unategemea oili yenye mshiko maalumu. Ukiuwekea haidroliki ya kawaida utateleza kwenye puli, na puli ikishachubuka ni kununua giaboksi. Nissan Note ni hivyo hivyo: E11 inataka NS-2, E12 inataka NS-3. Probox kuanzia toleo la 2014 nayo ni CVT.

Magari yasiyo na dipstiki ya giaboksi kabisa, zikiwemo Toyota nyingi za WS, hupimwa kwa kufungua nati chini ya gari huku injini inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto maalumu, mara nyingi kama nyuzi 40 hadi 45. Kazi hiyo inataka mashine ya kusoma joto na gari lililonyanyuliwa sawasawa pande zote. Kama lako ni hilo, mwongozo huu si wako.

Ibadilishwe au iachwe?

Kuna imani kubwa mtaani kwamba ukiigusa oili ya giaboksi ya zamani, giaboksi inakufa. Nimeisikia gereji, nimeisikia kwenye daladala. Ina chanzo chake. Mtu hukaa na gari hadi giaboksi inaanza kuteleza, ndipo anakumbuka oili. Anabadilisha, giaboksi inakufa wiki mbili baadaye, na lawama inaiangukia oili mpya. Ukweli ni kwamba klachi zilikuwa zimekwisha kabla ya hapo. Oili hairudishi klachi iliyolika.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, isome ile iliyomo. Gari likiwa limepata joto, dondoshea matone mawili kwenye karatasi nyeupe ya chooni na usubiri dakika tano. Nyekundu iliyofifia au ya kahawia inayoonyesha mwanga: imechoka kidogo, ibadilishe bila wasiwasi. Kahawia nzito isiyo na harufu kali: imechelewa, ibadilishe kwa awamu kama nitakavyoeleza. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, na gari tayari linapandisha mzunguko wa injini bila kuongeza mwendo: nenda kwa fundi wa giaboksi kwanza, oili mpya haitaliokoa. Ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi: maji ya rejeta yameingia kwenye oili, kwa kuwa bomba la kuipoza hupita ndani ya rejeta. Usiliendeshe tena hata kilomita moja. Rejeta inabadilishwa, na giaboksi inasafishwa.

Mimi huibadilisha kila kilomita 40,000. Wengine husema 60,000, na kwa anayeendesha barabara kuu zenye upepo hilo si kosa. Lakini foleni ya Ubungo saa 12 jioni, gari limejaa na kiyoyozi kinafanya kazi, huipika oili kuliko safari ndefu.

Vitu vya kuandaa

Nunua oili kwenye duka unalolijua, chombo kikiwa na mfuniko usiofunguliwa. Oili ya kumiminwa kutoka kwenye pipa usiikubali hata kama bei inavutia; huwezi kujua ni ya aina gani. Kwa awamu moja utatumia lita 3 hivi, nunua 4. Kama utafanya awamu zote tatu, zitakuwa kama lita 10.

Utahitaji jeki nzuri na stendi mbili za chuma, kabari za mbao za matairi ya nyuma, soketi na racheti, beseni pana, chupa mbili tatu tupu za maji za lita moja na nusu, faneli yenye mdomo mwembamba na mpira mwembamba wa kama nusu mita unaoingia kwenye tundu la dipstiki. Nenda pia duka la dawa ununue sindano kubwa ya mililita 60, isiyo na ncha. Itakuokoa ukizidisha. Vitambaa viwe vya pamba visivyoachia nyuzi, fulana ya zamani iliyofuliwa inafaa. Uzi mmoja ukiingia ndani unaweza kwenda kukaa kwenye valvu ndogo, na huko haufikiki.

Nati ya sampo ya giaboksi kwenye IST yangu hufunguliwa kwa spana ya pembe sita ya ndani, ile mafundi wanayoiita alenki, ya milimita 10. Baadhi ya magari yana kichwa cha kawaida cha nje. Chungulia kabla hujaenda dukani. Nunua pia washa mpya, ile pete ya kuzibia inayokaa chini ya kichwa cha nati.

Siku ya kazi

Endesha gari dakika tano hadi kumi tu. Tunataka oili iwe vuguvugu ili itiririke na ibebe uchafu, siyo moto wa kuunguza ngozi. Oili ya giaboksi iliyotoka safarini hufika nyuzi 80, na ikikumwagikia kwenye kiganja utalia. Kama gari limetoka mbali, liache nusu saa.

Egesha kwenye sakafu ngumu na iliyo sawa. Mchangani jeki inazama. Weka P, vuta handibreki, bana matairi ya nyuma kwa kabari mbele na nyuma. Nyanyua mbele, weka stendi kwenye sehemu ngumu za bodi zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, shusha gari likalie stendi, kisha lisukume kwa nguvu ubavuni kabla hujaingia chini. Kama litatikisika, bora litikisike ukiwa nje. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na usitumie tofali la saruji badala ya stendi. Tofali halipindi kwanza ili likuonye. Linapasuka ghafla na gari linashuka lote.

Kabla ya kulala chini, chomoa dipstiki ya giaboksi na upitishe mpira wa faneli kwenye tundu lake. Yule mzee wa Iringa ndiye aliyenifundisha: usifungue pa kutokea kabla hujafungua pa kuingilia. Dipstiki za magari ya zamani wakati mwingine zina kishikio cha plastiki kilichokauka, kinakatika, na chuma kinabaki ndani. Ukigundua hilo baada ya kumwaga, gari limekwama uani. Panguza kwanza mdomo wa bomba ili vumbi lisidondokee ndani, na usikosee dipstiki. Ya injini iko upande wa injini. Ya giaboksi iko upande wa kushoto, na kwenye chuma chake pameandikwa ATF.

Chini nako kuna kosa ambalo limeua giaboksi na injini nyingi: kufungua nati isiyo yenyewe. Mtu anataka kumwaga oili ya injini, anafungua ya giaboksi, inatoka oili, anaridhika, kisha anajaza oili mpya kwenye injini ambayo haikumwagwa. Matokeo yake injini ina oili mara mbili na giaboksi haina kitu. Kwenye Toyota hizi injini iko upande wa kulia, wa dereva, na nati yake ina kichwa cha 14. Giaboksi iko kushoto, na sampo yake ni sahani pana iliyozungukwa na bolti ndogo nyingi. Kinachotoka kikiwa cheusi chembamba kama cha injini, funga haraka ujiulize upya.

Weka beseni, legeza nati kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu hadi uzi wa mwisho, kisha ivute pembeni kwa mkupuo mmoja. Oili hutoka kwa kasi na hurukia mbali kidogo na unapotegemea, sogeza beseni mapema. Iache idondoke robo saa hadi idondoke tone moja moja.

Sasa acha beseni lipoe, na umimine oili kwenye zile chupa. Hapa usikimbie. Oili ikiwa na joto huvimba: lita 3 za moto zikipoa hupungua kwa zaidi ya desilita moja, yaani mililita 100. Soma chupa ikiwa imepoa na iko sawa mezani, andika namba kwenye kipande cha karatasi. Kwa magari haya hutoka kati ya lita 2.5 na 3.5. Mara ya mwisho kwangu ilikuwa lita 2.9. Hiyo namba ndiyo nitakayorudisha, mradi levo, yaani kimo cha oili kwenye dipstiki, ilikuwa sahihi kabla ya kumwaga. Ndiyo maana ni vizuri kuipima asubuhi ile kabla ya kuanza. Kama ilikuwa chini au juu, utarekebisha mwishoni.

Kufungua sampo, ukitaka

Ukimwaga kwa nati tu, kazi imekamilika vya kutosha kwa mara nyingi. Ila kama gari ni jipya kwako na hujui historia yake, nakushauri ufungue sampo walau mara moja, kwa sababu huko ndiko giaboksi inakokuandikia barua.

Bolti zake ni za kichwa cha 10. Zilegeze zote kidogo kidogo, acha mbili za kona moja mwishoni ili sampo iinamie upande huo. Ndani bado kuna oili kidogo. Kama imeng'ang'ania, igonge kwa kiganja au nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kati ya sampo na giaboksi, alumini hukwaruzika na itavuja maisha yake yote.

Ndani ya sampo kuna sumaku ndogo, bapa. Niliposhusha sampo ya IST yangu mara ya kwanza zilikuwa zimevaa koti la kijivu, laini kama poda iliyolowana, na nilipopitisha kidole halikukwaruza. Hiyo ni kawaida, ni ulikaji wa miaka. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, vinavyong'aa kama sindano, au chenga ngumu, kuna gia au beringi inayokatika. Ukikuta tope jeusi zito lenye vipande kama karatasi iliyoungua, hizo ni klachi. Piga picha, usizifute kabla hujampelekea fundi unayemwamini.

Kama yote ni kijivu laini, panguza sumaku ziwe safi, uzirudishe mahali zilipokuwa. Filta iko juu, imeshikiliwa kwa bolti chache. Ukiifungua oili itashuka tena, kwa hiyo beseni lisiondoke, na hiyo nayo uipime na kuijumlisha. Angalia pete ndogo ya mpira, oringi, shingoni mwa filta. Mara nyingi hubaki imekwama kwenye tundu la juu, mtu akaweka filta mpya yenye oringi mpya juu ya ile ya zamani. Pampu itavuta hewa hapo, na utatafuta ugonjwa kwa miezi.

Safisha kingo zote mbili hadi zikauke kabisa. Gasketi mpya huwekwa kavu. Najua mafundi wengi hupaka silikoni nyingi ili isivuje. Inayobanwa nje unaiona, inayobanwa ndani huioni, na hiyo hukatika na kusafiri hadi kwenye filta. Rudisha bolti zote kwa vidole kwanza, kisha kaza kwa kuruka upande hadi upande, raundi mbili au tatu. Bolti hizi zinataka nguvu ndogo sana, Nm (nyutoni mita) 7 hadi 8. Kama huna spana ya kupimia nguvu, shika racheti karibu na kichwa chake kwa vidole vitatu, siyo mwisho wa mpini, na uache mara inapokaza. Wengi hukata bolti hapa kwa kuogopa kuvuja. Kukaza sana ndiko kunakopinda mdomo wa sampo, na sampo iliyopinda ndiyo inayovuja.

Kujaza na kupima

Rudisha nati ya sampo na washa mpya, ikaze ibane vizuri bila kuning'inia kwenye spana. Kisha, kabla ya yote, jaza. Usiwashe injini giaboksi ikiwa tupu hata kwa sekunde chache za kuhamisha gari, pampu itazunguka kavu.

Mimina kwa faneli kiasi kilekile kilichotoka, ukipunguza desilita mbili. Kama kilitoka lita 2.9, weka 2.7. Nenda taratibu, tundu ni jembamba na oili hurudi juu ikilazimishwa. Kuongeza ni kazi ya dakika moja. Kupunguza ni ya sindano na mpira, na yule mzee alichukua nusu saa.

Shusha gari chini, likae sawa kwa matairi yote manne. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu, pitisha mkono wa gia kutoka P kwenda R, N, D, 2, L na kurudi P, ukikaa sekunde tatu hadi tano kila mahali ili oili ijaze njia zote. Acha injini iungurume ikiwa kwenye P. Hapo ndipo unapima, injini ikiwaka, tofauti na oili ya injini ambayo hupimwa imezimwa. Ukipima imezimwa, oili iliyokuwa ikizunguka hushuka sampo na dipstiki inakudanganya kwamba imejaa.

Dipstiki ina sehemu mbili. COOL ni ya oili ambayo haijapata joto, na ni ya kukuongoza tu. HOT ndiyo hukumu, oili ikiwa nyuzi 70 hadi 80. Kwa sasa tazama COOL: ikiwa ndani ya alama, endesha gari mtaani dakika 15 hadi 20, kukiwa na kusimama na kuondoka. Rudi uegeshe mahali palepale, pitisha tena gia zote, rudi P, injini ikiwaka.

Kusoma kwenyewe kunahitaji subira. Baada ya kujaza, kuta za bomba la dipstiki zimelowa, na stiki inapopita hupakwa oili pembeni. Utaona upande mmoja umelowa hadi juu kabisa, mwingine umeishia katikati. Amini upande wa chini. Ichomoe, ipanguse, ichovye hadi mwisho, ichomoe, geuza pande zote mbili kwenye mwanga. Rudia mara tatu. Kama masomo hayafanani, subiri dakika tano oili ya kwenye bomba ishuke. Oili mpya ni angavu kiasi kwamba haionekani vizuri kwenye chuma. Lalisha stiki juu ya karatasi nyeupe, utaona inapoishia.

Ikiwa chini ya HOT, ongeza desilita moja, siyo mbili, pima tena. Ikiwa katikati ya alama mbili za HOT, acha. Usitafute kuifikisha alama ya juu kabisa. Ikipita, chukua sindano na mpira, nyonya, pima.

Awamu ya pili na ya tatu

Giaboksi nzima ya aina hii hubeba kama lita 6 hadi 7. Uliyomwaga ni ya sampo tu. Nyingine iko kwenye toki konveta (chombo cha mviringo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili), valvu na mabomba ya rejeta, na toki konveta za magari haya hazina nati ya kumwagia. Tuseme jumla ni lita 6.5 na kila mara unabadilisha 3. Baada ya mara ya kwanza, mpya ni asilimia 46. Baada ya mara ya pili, 71. Baada ya tatu, 84. Kutoka hapo faida inakuwa ndogo mno, sioni haja ya awamu ya nne.

Kati ya awamu na awamu mimi huacha kilomita 500 hadi 1,000 ili mpya na ya zamani zichanganyike vizuri. Kwa giaboksi iliyochelewa sana njia hii ni ya upole pia. Kuna wanaochomoa bomba la rejeta na kuiacha injini isukume oili yote ya zamani nje huku mtu wa pili anajaza. Inawezekana, nimeiona ikifanywa vizuri, lakini inataka watu wawili wanaoelewana kwa ishara, na ukichelewa kuzima pampu inakauka. Kwa mtu wa mara ya kwanza, awamu tatu.

Baada ya kubadilisha, usishangae gari likibadili gia kwa namna tofauti kidogo siku mbili za kwanza. Mshtuko mdogo unaopungua si tatizo. Mshtuko unaoongezeka, au gari kuchelewa kuondoka ukiweka D, kwanza rudi kwenye levo. Mara nyingi jibu liko hapo.

Oili ya zamani usiimwage mtaroni wala nyuma ya choo. Mvua moja tu inaipeleka kisimani. Itie kwenye madumu matupu ya ile mpya, iandike, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu kwa wanunuzi wake. Ukiitumia kupaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, iwe mbali na bustani ya mboga na maji ya kuku.

Andika kilomita na tarehe kwenye kipande cha tepu, kibandike ndani ya boneti pamoja na aina ya oili na kiasi ulichoweka. Usiku wa kwanza tandika kadibodi safi chini ya giaboksi. Asubuhi ichungulie kabla ya kuwasha. Tone moja jekundu chini ya nati ni washa haijakaa vizuri, kaza kidogo. Matone ya mstari kufuata ukingo wa sampo ni gasketi. Kadibodi ikiwa kavu, washa gari, pima tena baada ya kilomita 200.